Kabla hatujaicheka sanamu iliyovalishwa wigi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Nimejitahidi kuandika kwa ufupi nimeshindwa. Ikibidi kukata, kata utakapo, lakini naomba usiiguse habari ya dawa wala ile ya mtoto.

Wiki mbili zilizopita msomaji mwenzangu wa Morogoro alilalamika kwamba Wazungu wamekosa kazi. Alitoa mfano wa watafiti waliochukua sanamu ya mtu, wakaivalisha mawigi ya nywele zilizonyooka na zilizojisokota, wakaimulika kwa taa kali mfano wa jua, kisha wakakaa kupima joto la kichwa chake. Akauliza utafiti huo unamsaidia nani, wakati watoto wetu wengine wanakaa chini darasani. Akamaliza kwa kusema kwamba nywele ni mambo ya saluni, si mambo ya sayansi.

Mimi ndiye mtu wa saluni. Nina miaka 55. Nimesuka vichwa vya watu hapa Ngamiani, Tanga, tangu mwaka 1993, kwanza barazani kwa mama yangu, sasa katika chumba cha kupanga Barabara ya 9. Barua ile nilisomewa na mteja nikiwa nimeshika nywele zake. Nikamwomba airudie. Alipoondoka nikamwomba aniachie gazeti, na usiku ule sikulala vizuri.

Nianze na sanamu yenyewe, maana naijua. Kazi ile ilifanyika katika Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, na miongoni mwa walioiongoza ni akina mama wawili, Tina Lasisi na Nina Jablonski, waliokuwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania kule Marekani. Ilichapishwa mwaka 2023. Binti yangu ni muuguzi, ndiye aliyeniletea kwenye simu akanifafanulia sentensi kwa sentensi, umeme umekatika, mvua inapiga bati. Sanamu ile ina vipimo vya joto mwili mzima. Walipima kichwa kikiwa kitupu, kisha kikiwa na nywele za singa, kisha zenye mawimbi, kisha nywele za kipilipili kama zangu. Wakapima kikiwa kikavu, wakapima kikiwa kimeloweshwa mfano wa mtu aliyetoka jasho. Nywele za kila aina zilipunguza joto la jua linalofika kichwani. Zilizopunguza zaidi ya zote ni za kipilipili, na kichwa kilichozivaa ndicho kilichohitaji jasho dogo kuliko vyote ili kisipate moto.

Msusi yeyote akishaambiwa hivyo anaelewa mara moja, kwa sababu vidole vyake vinajua. Nywele za singa zinalala juu ya ngozi. Za kipilipili hazilali. Zinasimama, zinajikunja, zinaacha nafasi ya hewa kati ya juu na ngozi. Jua linaishia kule juu. Ukipitisha vidole kwenye kichwa cha mtu aliyetoka juani saa saba mchana na nywele zake hazina dawa, unakuta juu pamoto na chini pana ubaridi. Nimelishika jambo hilo kwa mkono miaka yote na sikuwahi kujiuliza maana yake.

Babu yangu alikata mkonge katika mashamba ya njia ya Muheza. Alikata kichwa wazi, kwa sababu kofia zilikuwa za msimamizi. Hakufa kwa jua. Na mimi, mjukuu wake, nimekaa miaka 30 nyuma ya kiti nikiwasikia wanawake wakikaa na kuniambia, "Dada, nivumilie, nina nywele mbaya." Hawasemi fupi, hawasemi nyingi. Wanasema mbaya, na mtoto aliyekaa mapajani kwa mama yake anasikia, na kesho kutwa akikua anakuja kuniambia hivyo hivyo. Kwa hiyo ndugu yangu wa Morogoro akiuliza utafiti wa sanamu unamsaidia nani, mimi nina jibu la kwanza. Sasa mtoto akikaa kwenye kiti changu akalia kwamba nywele zake mbaya, namweleza habari ya sanamu. Namwambia kichwa chako kimejengwa kwa ajili ya jua hili la kwetu, kimepimwa, imeonekana. Ananyamaza anafikiri.

Lakini najua jibu hilo halimtoshi mtu anayefikiria madawati, na haki anayo. Basi nimsimulie habari ya baba yangu.

Marehemu baba alikuwa mfanyakazi wa kawaida katika taasisi ya utafiti wa mbung'o hapa hapa Tanga. Kazi yake ilikuwa kuwalisha. Damu ya ng'ombe ililetwa kutoka machinjioni, ikamiminwa kwenye sinia, ikafunikwa kwa utando mwembamba wa silikoni, ikapashwa mpaka ifikie joto la mwili wa mnyama. Vizimba vya mbung'o vikawekwa juu yake, nao wakatoboa utando ule na kunyonya kana kwamba ni ngozi ya ng'ombe. Akirudi nyumbani alikuwa ananukia damu hata baada ya kuoga.

Mtaani walimwita Mzee Mbung'o. Mimi nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, natafuta wateja wa kusuka, na jina la baba yangu ni hilo. Watu wazima walisema bila kuficha: serikali gani hii inafuga wadudu wa maradhi na kuwapa damu, wakati mtu akitaka nusu kilo ya nyama mpaka mwisho wa mwezi? Baba hakuwajibu. Alinieleza mimi, jioni, akinawa. Aliniambia mbung'o hatagi mayai mengi kama nzi wa jikoni. Anazaa funza mmoja mmoja, kila baada ya siku tisa au kumi, amemlea tumboni kama mama anavyolea mimba. Mdudu anayezaa polepole namna hiyo, ukimzuia asizae, hana pa kukimbilia.

Na walimzuia. Madume waliofugwa Tanga walipigwa mionzi ili wasiweze kuzalisha, wakatiwa kwenye maboksi, wakapakiwa kwenye ndege ndogo na kumwagwa juu ya kisiwa cha Unguja kuanzia mwaka 1994, kwa ushirikiano wa serikali na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Walimwagwa zaidi ya madume milioni 8. Majike wa porini wakapandana na madume ambao hawana kitu, wasizae. Mbung'o wa mwisho wa Unguja alionekana mwaka 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o tena. Nagana iliyokuwa ikiua ng'ombe ikaondoka pamoja nao. Leo mtu wa Unguja anayefuga ng'ombe wa maziwa kandokando ya msitu wa Jozani hana habari na mzee wa Tanga aliyenukia damu.

Wazo lenyewe lilianzia mbali. Miaka ya 1930 kule Marekani kulikuwa na bwana anaitwa Edward Knipling aliyekaa kutazama nzi wanavyopandana. Nzi hao ni wale ambao funza wao hula nyama ya mnyama angali hai. Aliona kwamba jike wao hupandwa mara moja tu katika maisha yake, basi akajiuliza itakuwaje akipandwa na dume asiyezalisha. Wenzake walimcheka. Mwaka 1954 kisiwa cha Curaçao kilisafishwa nzi hao kwa njia hiyo. Sasa nimuulize ndugu yangu kwa heshima: mwaka 1938, kama angepewa yeye kalamu ya kuamua nani apewe fedha, bwana huyu anayechungulia ngono za nzi angepewa?

(Nisimsahau kijana aliyesoma mkoani kwetu, Erasto Mpemba, aliyekuwa shule ya Magamba, Lushoto, mwaka 1963, akaona maziwa ya moto ya aiskrimu yanaganda kabla ya yaliyopozwa. Alichekwa darasani alipouliza. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne wa chuo cha Dar es Salaam walichapisha swali lake, na mpaka leo wanafizikia wanabishana juu yake. Hiyo inajulikana, sitaikalia.)

Ninalotaka kulisema hasa ni hili la dawa.

Kwa wasomaji wanaume ambao hawajui, dawa ni ile krimu ya kunyoosha nywele. Nyingine zimetengenezwa kwa soda ya kostiki, ile ile tunayotengenezea sabuni ya kufulia. Nywele za kipilipili zinajikunja kwa sababu kitundu cha ngozi zinamotokea kimepinda, na ndani yake zimefungamana kwa salfa. Ndiyo maana nywele ikiungua inanuka vile. Dawa inavunja vile vifungo. Ikishavivunja, unazivuta zikiwa laini kama tambi iliyopikwa, zinanyooka. Ukichelewa dakika chache kuiosha inaanza kula ngozi.

Nimeiweka kwenye vichwa vya watu tangu 1993. Nilipaka mafuta ya mgando masikioni na shingoni kwa mteja, nikavaa glavu zikiwepo, na mara nyingi hazikuwepo. Dawa ikianza kuwasha mteja huuma meno na kusema, "Bado, dada, niongezee kidogo, zishike." Wengine walitoka na vidonda wakanishukuru. Mimi mwenyewe, nilipokwenda kusajiliwa alama za vidole kwa ajili ya kitambulisho, mashine ilikataa vidole vyangu vitatu vya mkono wa kulia. Kijana aliyekuwa akinisajili akanifuta kwa kitambaa, akarudia, ikakataa. Akaniuliza, "Mama, unafanya kazi gani?" Mistari ya vidole imeliwa.

Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeniuliza swali lolote kuhusu ile kopo. Si daktari, si mkaguzi, si gazeti. Lilikuwa jambo la saluni.

Kule Marekani kuna utafiti mkubwa wa taasisi ya afya ya serikali yao uliowaandikisha wanawake ambao dada zao walipata saratani ya matiti. Waliwauliza mambo mengi ya maisha yao. Katikati ya maswali mazito, mtu mmoja alitia na haya: unapaka nini kichwani, unanyoosha nywele, mara ngapi kwa mwaka? Nimefikiri sana juu ya mtu huyo aliyeandika swali lile kwenye karatasi. Natumaini hakuna aliyemwambia aliondoe kwa sababu ni mambo ya urembo. Walifuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11, na 378 kati yao wakapata saratani ya mfuko wa uzazi. Matokeo yalitolewa Oktoba 2022. Wanawake waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kupata saratani hiyo kuliko wasiotumia kabisa. Kwa wasiotumia, walikadiria kwamba asilimia 1.64 wangeipata kabla ya kufikia miaka 70. Kwa wanaotumia mara kwa mara, asilimia 4.05.

Binti yangu alinionya nisiwatishe watu. Alisema idadi hizo hazimaanishi kila mwenye dawa ataugua, na kwamba kuonekana pamoja si sawasawa na kusababisha. Nimelielewa hilo, ndiyo maana naliandika. Lakini wateja wangu wa dawa walikuwa wanakuja kuritachi, yaani kupakwa dawa upya kwenye mizizi, kila baada ya wiki nane. Hiyo ni zaidi ya mara sita kwa mwaka, wengine kwa miaka 20. Nilikaa na ile karatasi ya hesabu, nikapiga picha za vichwa vyao mmoja mmoja akilini. Januari 2023 nikaacha kuweka dawa. Nilipoteza karibu nusu ya wateja, na kodi ya chumba ni ile ile. Nilipowaeleza wenzangu wa mtaa, wengine walisema nimeingiwa na ulokole wa nywele. Wawili wameacha kama mimi.

Basi ndugu yangu, hebu tazama. Utafiti wa saratani anaukubali, naamini, kila msomaji wa gazeti hili. Utafiti wa nywele anaucheka. Lakini huu wa pili ulikuwa ndani ya ule wa kwanza. Swali linaonekana dogo kwa asiye nalo kichwani mwake. Kwa sisi ambao nywele zetu ziliitwa mbaya, waliokuwa na maabara walikuwa na nywele nyingine, na waliokuwa na nywele kama zetu hawakuwa na maabara. Katikati hapo tukauziwa makopo, tukajipima wenyewe kwa ngozi zetu.

Sasa habari ya mtoto. Mama yake amenipa ruhusa niieleze bila jina.

Ni binti wa miaka tisa, nimemsuka tangu ana miaka mitatu. Mwaka juzi alianza kuanguka na kutetemeka. Wakamwandikia kipimo cha umeme wa ubongo, kile cha kubandika vibati vidogo vyenye nyaya kichwani ili mashine ichore mawimbi. Walisafiri kwa basi mpaka hospitali moja kubwa. Nilikuwa nimemsuka rasta, wakaambiwa wafumue. Wakafumua usiku kucha katika chumba cha wageni. Asubuhi nywele zimejaa, zimesimama, na vile vibati havigusi ngozi. Wakapaka gundi ya maji, vikateleza. Wakavifunga kwa bendeji, mchoro ukatoka wa ovyo. Mwisho mtaalamu akachoka akasema mtoto anyolewe waje siku nyingine. Mtoto alirudi Tanga amefunikwa kanga, hana nywele, na hana majibu. Sina nia ya kumlaumu yule mtaalamu. Chombo alichopewa kilitengenezwa na watu waliowaza kichwa cha nywele za singa, na hakuna aliyemfundisha namna nyingine.

Nilipomweleza binti yangu kwa hasira, akatafuta. Akakuta kwamba katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, mwanafunzi mmoja mwenye nywele kama zetu, Arnelle Etienne, aliliona tatizo hilo hilo akaamua kulitengenezea kifaa pamoja na mwalimu wake, Pulkit Grover. Mwaka 2020 walionyesha namna yao. Kichwa kinasukwa mistari kuelekea nyuma, kwa vipimo, ili ngozi iwe wazi pale hasa panapotakiwa elektrodi, na elektrodi zenyewe zina mabawa yanayojibana chini ya msuko wa pande mbili, zisichezecheze. Wakaviita Sevo, neno la Kikrioli cha Haiti lenye maana ya ubongo.

Mhariri, nilipoiona ile picha nilipiga ukelele dukani kwa watu. Ule msuko ni twende kilioni! Ni msuko wa kwanza kila binti wa Kitanzania anajifunza. Unaitwa hivyo kwa sababu ni wa haraka, umepata habari ya msiba, unasukwa mistari kadhaa kwenda nyuma, unajifunga kanga unaondoka. Sikuwahi kuwaza kwamba mikono yangu inajua kitu ambacho mashine ya ubongo inakihitaji.

Nywele za mtoto zilipoota za kutosha, na tarehe nyingine ilipopatikana, nilimsuka. Vifaa vya Sevo sikuwa navyo, lakini nilimsuka mistari myembamba kwenda nyuma, njia kati ya mstari na mstari nikaiacha pana kuliko kawaida, ngozi inaonekana. Sikupaka mafuta hata tone. Nilimpa mama yake karatasi niliyochora kichwa kwa kalamu, amwonyeshe mtaalamu. Vibati vikakaa kwenye zile njia. Kipimo kikaisha kwa kikao kimoja, sasa anameza dawa na anaendelea na shule. Mama yake aliponipigia simu kutoka stendi sikuweza kusema kitu.

Kuna kingine kilichobadilisha kazi yangu. Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town ni daktari wa ngozi aliyeamua kuzisoma nywele za Waafrika kama wengine wanavyosoma moyo au macho. Mwaka 2000 yeye na wenzake walizitazama kwa hadubini wakaona mafundo na ncha zilizokatika ni nyingi mno kuliko kwenye nywele za Wazungu na za watu wa Asia. Kila siku mtu ananiambia, "Dada, nywele zangu hazikui." Zinakua. Zinakatikia kwenye chanuo. Na baadaye walipochunguza vichwa vya wasichana wa shule, waliona kwamba kupoteza nywele za pembeni kunazidi pale mtu anapovuta msuko kwa nguvu juu ya nywele zenye dawa, na kwamba maumivu na vipele baada ya kusuka ni dalili ya hatari. Sisi tulifundishwa kinyume. Msuko usiouma haudumu, ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyowafundisha wasichana watano. Nimewaita wote nikawaambia nilikosea. Sasa mteja akikunja uso, nafumua mstari huo naanza upya.

Na nimalizie kwa ule ambao ndugu yangu wa Morogoro angeucheka kuliko wote. Mwaka 2007 mwanafizikia wa Ufaransa, Jean-Baptiste Masson, alitaka kujua nywele zipi zinafunga mafundo zaidi, zilizonyooka au zilizojipinda. Aliwaomba watengeneza nywele wahesabu mafundo kwenye vichwa vya wateja, kati ya saa 11 jioni na saa 1 usiku, muda ambao nywele zimeshashinda kutwa. Wastani ulikuwa mafundo 5.3 kwa zilizonyooka na 2.9 kwa zilizojipinda. Maelezo yake ni kwamba zilizonyooka hukutana mara chache, lakini zikikutana zinakatizana kwa pembe kubwa na kushikana.

Mimi sikucheka. Mimi niliona hesabu ile haifanani na kiti changu. Nywele za Kifaransa zilizojipinda si za kipilipili, na kwa Khumalo mafundo ni mengi. Nani amehesabu za kwetu, baada ya wiki sita za rasta, siku ya kufumua? Kama yule bwana alitumia watengeneza nywele na karatasi, kitu gani kinanizuia mimi?

Kwa hiyo tangu Ramadhani iliyopita ninahesabu. Nina daftari kubwa la jalada gumu. Sichukui jina la mtu. Naandika nywele zina dawa au hazina, msuko umekaa wiki ngapi, nimefumua kukavu au kwa maji na mafuta ya nazi, nimetumia dakika ngapi, na mafundo mangapi yamenilazimu kukata kwa mkasi. Nimefika kichwa cha 63. Naona, kwa macho yangu ya msusi, kwamba waliofumuliwa kwa maji na mafuta wananipa kazi ndogo ya mkasi kuliko waliofumuliwa kukavu, na kwamba baada ya wiki ya sita mambo yanaharibika ghafla, si polepole. Lakini sijui kupanga hesabu hizo ziweze kuaminiwa na mtu asiyenijua, na kuna jambo moja linanisumbua: wanaokaa na msuko muda mrefu ndio hao hao wasio na fedha ya mafuta, sasa nitajuaje ni wiki au ni mafuta?

Ninaomba mwalimu au mwanafunzi wa chuo chochote cha hapa nchini, wa afya au wa hesabu, aje aone. Wapo wasusi katika kila mtaa wa nchi hii, na kila mmoja anashika vichwa vya watu kila siku kwa saa nyingi. Wanaweza kuhesabu mafundo, vidonda vya dawa, vipara vya pembeni kwa wasichana wa darasa la sita, na kama yupo anayetaka kujua ndani ya makopo tunayouziwa mna nini, makopo matupu ninayo gunia zima, tangu siku nilipoacha. Sikuyatupa. Nilihisi siku moja mtu atayauliza.

Na ndugu yangu wa Morogoro akipita Tanga, na mkewe au binti yake, nawakaribisha. Nitawasuka bila malipo, naye nitamwomba ashike kalamu aniandikie wakati mikono yangu ina mafuta. Jumanne wateja ni wachache. Daftari liko juu ya kabati, karibu na chupa za nazi.

Msusi,
Barabara ya 9, Ngamiani,
Tanga